Ng'ombe, mtama na kasma ya Wizara ya Nishati

Ng'ombe wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, huwa na tundu ubavuni lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Tundu hilo hufanywa na madaktari wa mifugo, na ng'ombe huendelea kula na kucheua kama wenzake. Miaka kadhaa iliyopita watafiti walifungua kizibo cha namna hiyo, wakapitisha vifuko vya nailoni vilivyojaa nyasi kavu zilizosagwa, wakaviacha katika tumbo la kwanza la mnyama kwa saa 72. Walipovitoa, kilichowavutia ni vijidudu vilivyong'ang'ania kwenye nyasi zile, vikiwa katikati ya kazi ambayo hakuna kiwanda duniani kinachoifanya kwa urahisi kama vyenyewe: kuvunja ugumu wa jani kavu na kutoa sukari iliyofungiwa ndani.

Vijidudu hivyo havifugiki kwa urahisi maabara. Vingi hufa mara tu vinapotolewa tumboni. Kwa hiyo watafiti walikusanya vinasaba vya vyote kwa pamoja, wakavisoma kwa mashine, kisha wakaiachia kompyuta kazi ya kutafuta mle ndani maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya nyasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science. Walipata vinasaba 27,755 vinavyoelekea kufanya kazi hiyo. Walichukua vimeng'enya 90 kutoka katika orodha hiyo wakavijaribu, na zaidi ya nusu vilifanya kazi kweli.

Usomaji wa vinasaba vile ulifanywa na Taasisi ya Pamoja ya Jenomu, ambayo wakati huo ilikuwa Walnut Creek, California, na mlipaji wake ni Wizara ya Nishati ya Marekani. Si ya Kilimo, si ya Afya. Wizara ile ile inayosimamia mabomu ya nyuklia ya nchi hiyo na maabara za mafuta, umeme na jua ina idara nzima iitwayo Ofisi ya Utafiti wa Biolojia na Mazingira, na katika miaka ya karibuni bajeti ya idara hiyo ilifika takriban dola milioni 900 kwa mwaka.

Nimeifuatilia idara hii kwa muda mrefu, na naamini historia yake inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Inatuhusu kwa sababu ya mtama na muhogo, kwa sababu ya mkaa, na kwa sababu ya madini yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakiamrishana kazi kwa Kiswahili.

Ilianza na bomu

Urani nyingi iliyotumika katika mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, Katanga. Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyoumiliki, Edgar Sengier, alikwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hadi ghala moja la Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla Wamarekani hawajamwendea kuyanunua. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga. Watu waliochimba na kubeba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Agosti 1945 mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha kiraia kilichokabidhiwa mitambo yote ya mradi ule wa siri kuanzia Januari 1947. Pamoja na mitambo, tume ilirithi swali ambalo halikukwepeka: mionzi hii inaufanya nini mwili wa binadamu, na inaufanya nini udongo, mto, samaki na mtoto ambaye bado hajazaliwa? Fedha za biolojia ziliingia katika bajeti ya nishati kwa mlango huo. Aliyeleta nguvu mpya duniani alitakiwa kujua madhara yake, na kujua kulihitaji kulipiwa.

Huko Japani, tume ya Wamarekani na Wajapani ilianza kuwafuatilia walionusurika na watoto wao. Kwa miaka kadhaa ilichunguza matokeo ya ujauzito zaidi ya 70,000, ikitafuta dalili kwamba mionzi iliyowapiga wazazi ilipitishwa kwa vizazi. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuwa katika daftari hilo. Urani ilikuwa na mwanzo na mwisho, na fedha za kupima miili zilikwenda upande wa mwisho tu.

Fedha hizo zina doa jingine ambalo hakuna haki ya kulifunika. Kati ya 1945 na 1947 wagonjwa 18 katika hospitali za Marekani walidungwa sindano za plutoni ili ipimwe inavyokaa mwilini, bila kuelezwa wanachofanyiwa. Siri hiyo iliwafikia wananchi mwaka 1993, pale mwandishi Eileen Welsome wa gazeti la Albuquerque Tribune alipotafuta majina ya watu waliokuwa wameandikwa kwa namba tu, akaeleza maisha yao. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Hazel O'Leary, alifungua majalada ya serikali, na Oktoba 1995 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Nayataja haya kwa sababu fedha ya serikali haimfanyi mtafiti kuwa mwema. Kilichowafichua ni rekodi zilizotunzwa na mwandishi aliyekuwa tayari kuzisoma.

Katika miaka ile ile ya giza, fedha za Tume ya Nishati ya Atomiki zilizaa pia kazi njema kabisa. Huko Berkeley, California, Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham walitumia kaboni yenye mionzi kufuatilia namna mmea unavyogeuza hewa kuwa chakula. Walikuza mwani katika chupa bapa iliyomulikwa kwa taa pande zote mbili, wakaingiza hewa ya ukaa iliyotiwa kaboni ile, kisha baada ya sekunde chache wakamwaga mwani katika pombe ya moto ili ufe papo hapo. Kila mara walibadili muda wa kusubiri. Halafu walitenganisha kemikali za mwani kwenye karatasi, wakaiweka karatasi juu ya filamu ya eksirei, na mionzi yenyewe ikachora madoa kuonyesha kaboni imefika wapi. Sekunde baada ya sekunde walipata hatua za safari ya kaboni katika usanisinuru, ambazo leo mwanafunzi wa sekondari hukaririshwa. Calvin alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961.

Kutoka Hiroshima hadi jenomu

Desemba 1984 wanasayansi wachache walikutana Alta, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Utah, kujadili swali lililobaki tangu Hiroshima: je, kuna njia ya kugundua mabadiliko ya vinasaba kwa watoto wa walionusurika, hata yale madogo sana? Jibu lilikuwa kwamba njia zilizopo hazitoshi. Ili kulijua badiliko dogo unahitaji kwanza kuusoma urithi wote wa binadamu, herufi kwa herufi.

Mwaka uliofuata Charles DeLisi alichukua uongozi wa ofisi ya utafiti wa afya na mazingira katika Wizara ya Nishati, ambayo wakati huo ilikwisha kurithi kazi za tume ya atomiki. Aliposoma ripoti iliyogusia mjadala wa Alta, alijiuliza kwa nini kazi hiyo isifanywe kweli. Machi 1986 aliitisha mkutano Santa Fe, New Mexico, na wataalamu wakasema inawezekana. Seneta Pete Domenici wa jimbo hilo, ambako maabara kubwa za silaha ziko, aliibeba hoja bungeni.

Wanabiolojia wengi walikasirika. Wapo waliodai kuwa wizara inawatafutia kazi waunda mabomu wanaoelekea kukosa shughuli. Wengine waliogopa kwamba mradi mkubwa utameza ruzuku ndogo ndogo wanazoishi kwazo. Hofu hiyo ya pili haikuwa ya kipuuzi, na kila nchi inayotaka mradi mkubwa wa sayansi inapaswa kuijibu kwa dhati. Lakini wizara ilikuwa na kitu ambacho vyuo havikuwa nacho: wahandisi, wanahisabati na wataalamu wa kompyuta chini ya paa moja, pamoja na mazoea ya kuendesha kazi inayochukua miaka mingi. Ilitoa fedha za mwanzo kabla taasisi za afya hazijajiunga. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza rasmi Oktoba 1990, ukakamilishwa Aprili 2003, na kromosomu namba 5, 16 na 19 zilisomwa na upande wa Wizara ya Nishati.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1997 maabara za wizara ziliunganisha nguvu na kuunda taasisi ile ya Walnut Creek. Kazi ya binadamu ilipokaribia kwisha, mashine hazikuzimwa. Ziligeuziwa viumbe vinavyohusu nishati na mazingira. Mwaka 2006 ulitoka urithi wa mpopla, mti unaokua haraka na unaofaa kwa kuni na karatasi. Mwaka 2007 zilisomwa bakteria za matumboni mwa mchwa wa Costa Rica, kwa sababu mchwa anakula kuni kila siku na kiwanda chake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Januari 2009 ukatoka mtama.

Mtama wetu

Mtama ulianza kulimwa kaskazini-mashariki mwa Afrika, katika maeneo ambayo leo ni Sudani, maelfu ya miaka iliyopita. Anayetoka Dodoma au Singida hahitaji kufundishwa sifa zake. Mvua ikikata wiki mbili mahindi hukauka. Mtama hujikunja, husubiri, kisha huendelea. Wizara ya Nishati ya Marekani iliupenda kwa sifa hiyo hiyo. Mmea unaotoa majani mengi na sukari kwenye bua huku ukinywa maji kidogo ni mmea unaoweza kulimwa kwa ajili ya mafuta bila kugombea ardhi nzuri na chakula. Kikundi kilichoongozwa na Andrew Paterson wa Chuo Kikuu cha Georgia kilichapisha urithi wote wa mtama katika jarida la Nature, herufi zipatazo milioni 730.

Muhogo ulifuata njia hiyo hiyo. Rasimu ya urithi wake ilitangazwa mwaka 2009, nayo ilisomwa kwa mchango mkubwa wa taasisi ile ile, kwa sababu wanga wa muhogo unageuzika kuwa pombe ya kuendeshea magari. Lakini kwa mkulima wa Mkuranga au Kilifi muhogo ni mlo wa mchana, na adui yake mkubwa ni michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoacha majani yakipendeza huku kiazi kikioza chini. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara. Leo wanaotafuta mbegu zinazoustahimili hutumia ramani ya vinasaba ambayo sehemu ya gharama yake ilitoka katika bajeti ya nishati ya taifa la mbali.

Hapa kuna jambo ninalolisifu bila kusita. Ramani hizo haziuzwi. Mtama, muhogo, mpopla na mimea mingine mingi vimewekwa wazi mtandaoni, na mtafiti wa kituo cha Ilonga au Naliendele anaweza kuvifungua bure sawa na mwenzake wa Berkeley. Kampuni binafsi ingevifungia. Serikali ililipa, kwa hiyo vikawa mali ya wote. Bado inaniuma kwamba mmea uliozaliwa hapa ulisomwa kule, lakini kosa la hilo si lao.

Mwaka 2007 wizara hiyo ilianzisha vituo vitatu vya utafiti wa nishati itokanayo na mimea, kila kimoja kikipewa dola milioni 25 kwa mwaka: kimoja Oak Ridge, Tennessee, kingine chini ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, cha tatu California. Baadaye vikawa vinne, na mwaka 2023 vilitengewa dola milioni 590 kwa miaka mitano. Lengo lilikuwa kutoa mafuta katika mabua, nyasi na vipande vya miti, ili mahindi yabaki chakula.

Tuwe wakweli kuhusu matokeo. Mafuta hayo hayajajaa vituoni. Katika jimbo la Iowa kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda kikubwa cha kutengeneza ethanoli kwa mabua ya mahindi mwaka 2015, na mwaka 2017 ikakiacha. Kingine cha aina hiyo, kule Emmetsburg, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2019. Lignini, ile gundi inayoufanya mti usimame, bado ni ngumu kuivunja kwa bei nafuu. Mbunge anayetaka kukata fedha hizi anaweza kunyooshea kidole viwanda hivyo, na hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amepima kitu kisicho sahihi. Viwanda vile vilishindwa kwa sababu vilijengwa kabla biolojia haijafika, na kazi ya vituo ni kuifikisha.

Mwaka wa tatu na mwaka wa kumi

Kama ningepewa mfano mmoja tu wa kueleza kwa nini utafiti wa namna hii unahitaji fedha za muda mrefu, ningechagua shamba la miti la Oak Ridge.

Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya taifa ya huko walizungushia vipande vya msitu uliopandwa minara yenye mabomba, wakaanza kupuliza hewa ya ukaa hadi kiwango kinachotarajiwa hewani katikati ya karne hii. Walitaka kujua kama miti italishwa na hewa hiyo na kukua zaidi. Swali hilo lina uzito wa kisiasa: kama misitu inaongeza ukuaji kadiri tunavyochafua anga, basi tuna msaidizi wa bure. Kati ya 2001 na 2003 jibu lilikuwa tamu. Miti iliyopulizwa ilizalisha asilimia 24 zaidi ya ile isiyopulizwa. Mtu angeweza kufunga kazi hapo, akaandika ripoti nzuri na kwenda nyumbani.

Fedha zilikuwapo, kwa hiyo hawakufunga. Mwaka baada ya mwaka faida ilipungua, na kufikia 2008 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9. Miti ilikuwa imemaliza nitrojeni iliyopatikana udongoni; hewa ya ukaa ilikuwa tele lakini virutubisho vingine havikuwapo. Jibu la mwaka wa tatu na jibu la mwaka wa kumi vilikuwa vitu viwili tofauti, na la mwaka wa tatu lingeipotosha dunia.

Jaribio jingine kubwa la aina hiyo lilianzishwa kaskazini mwa Minnesota, katika msitu wa utafiti wa Marcell. Ardhi ya pale ni kinamasi cha mboji, mabaki ya mimea yaliyorundikana mita mbili hadi tatu kwenda chini kwa maelfu ya miaka bila kuoza, kwa kuwa maji na baridi vinazuia. Watafiti walijenga vyumba kumi vya kuta zinazopitisha mwanga, visivyo na dari, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 12, miti ikiwa ndani na njia za mbao za kupitia ili mguu wa mtu usikanyage kuvumwani. Kuta zilizuia upepo, hewa moto ilipulizwa kutoka katika tanuri za gesi, na waya za joto zilizamishwa ardhini. Baadhi ya vyumba havikupashwa joto. Vingine viliongezewa nyuzi mbili na robo, vingine zaidi, hadi tisa. Nusu ya vyumba viliongezewa pia hewa ya ukaa. Tanuri hazikuruhusiwa kuzimika hata katika usiku wa Januari ambapo nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri.

Mpango ulikuwa wa miaka kumi. Ndani ya miaka mitatu ya mwanzo mboji iliyokuwa ikihifadhi kaboni ilianza kuitoa, na kadiri chumba kilivyokuwa na joto ndivyo kilivyotoa zaidi. Mboji ni sehemu ndogo sana ya nchi kavu ya dunia, kama asilimia tatu, lakini imeshika karibu theluthi ya kaboni yote iliyo udongoni. Bonde la kati la Kongo pekee linakadiriwa kuwa na tani bilioni 30. Kinachojulikana Minnesota kuhusu mboji inayopata joto kitasomwa kwa makini Kinshasa.

Yapo mengine yaliyotufikia bila sisi kujua yametoka wapi. Mwaka 2006 wizara hiyo ilipeleka kituo chake cha kuhamishika cha kupima mawingu na mionzi ya jua hadi uwanja wa ndege wa Niamey, Niger, kikakaa mwaka mzima na kupima vumbi la Sahara na masika ya Afrika Magharibi. Na kwa miaka mingi takwimu za hewa ya ukaa kwa kila nchi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zile ambazo Benki ya Dunia ilizichapisha na wajumbe wetu wakazitumia kwenye mikutano ya tabianchi, zilikokotolewa na kituo cha Oak Ridge kilichoanzishwa mwaka 1982. Kituo hicho kilifungwa mwaka 2017. Kazi zake ziligawanywa kwa taasisi nyingine, na wanaohitaji takwimu hizo wakaanza kuzifuata huko.

Panga la bajeti

Fedha hizi hazina ulinzi wa kudumu. Kila mwaka serikali ya Marekani hupeleka pendekezo, na Bunge hukata au kuongeza. Kwa mwaka wa fedha 2018 utawala wa Rais Donald Trump uliomba bajeti ya ofisi ya biolojia na mazingira ishushwe kutoka dola milioni 612 hadi takriban milioni 349. Bunge, ambalo lilikuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, lilikataa likatoa milioni 673. Kwa mwaka wa fedha 2026 ombi lilirudi tena, safari hii la kuikata ofisi hiyo kwa zaidi ya nusu, na sehemu ya tabianchi na mazingira ndiyo iliyolengwa zaidi.

Ombi pekee linatosha kuleta madhara hata kabla Bunge halijaamua. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu anasoma habari hizo na kutafuta kazi benki. Mkuu wa maabara anaahirisha kununua kifaa. Jaribio kama la Minnesota haliwezi kusimamishwa miezi sita likisubiri wabunge wapatane, maana vyumba vikipoa, miaka yote ya joto iliyotangulia inapoteza maana. Barabara ikikosa fedha mwaka huu, utairudia mwakani ulipoishia. Mboji haikusubiri.

Ninawasikia wanaosema kwamba taifa lenye madeni lina haki ya kupanga vipaumbele vyake. Haki hiyo ipo. Ninachopinga ni kuyahesabu majaribio haya kama anasa ya wataalamu, ilhali ni sehemu ya gharama ya nishati yenyewe. Anayechoma makaa, anayechimba urani, anayelima mabua ya mafuta, kila mmoja anafanya jambo katika mwili na katika udongo, na mtu lazima apime. Kampuni haitapima kwa miaka 20 kitu kisicho na bidhaa mwishoni.

Kisarawe na Kilosa

Sisi tumeshaonja nishati ya mimea isiyokuwa na biolojia. Katikati ya miaka ya 2000 upepo wa mbono kaburi ulivuma Afrika Mashariki. Wawekezaji walisema ni mti wa miujiza: unaota kwenye ardhi mbaya, hauhitaji maji, mbegu zake zinatoa dizeli. Wilayani Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11. Mwaka 2011 ilifilisika, wafanyakazi wakaachishwa, na wanavijiji wakabaki na ardhi iliyokwisha kutoka mikononi mwao kisheria. Mbono ulikuwa bado mmea wa porini. Hapakuwa na mbegu zilizochaguliwa kwa vizazi, na mavuno yaliyoahidiwa hayakuwa yamepimwa kwa miaka katika udongo wa Pwani. Mti usiotaka maji huishi bila maji, lakini hauzai sana bila maji. Hilo lingeweza kujulikana kwa shamba la majaribio la hekta chache na miaka michache ya subira, kabla kijiji hakijatoa hata ekari moja.

Nishati yetu kubwa zaidi hadi leo ni ya kibiolojia. Kaya nyingi za Tanzania zinapikia kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hata lengo hilo likifikiwa lote, mamilioni ya watu watabaki na mkaa, na miji itaendelea kuuvuta kutoka misitu ya miombo. Kwa hiyo swali la muda gani miombo huchukua kurudi baada ya kukatwa ni swali la nishati, sawa na swali la kina cha maji katika bwawa la Nyerere.

Wilayani Kilosa kulifanyika kazi nzuri kuhusu swali hilo. Kuanzia mwaka 2012 vijiji viligawa sehemu ya misitu yao katika miraba midogo, vikavuna mkaa katika baadhi ya miraba na kuacha mingine, kama vyumba vyeusi na vyeupe kwenye ubao wa drafti, ili visiki vichipue upya na mbegu zitoke jirani. Ushuru ulijenga madarasa na kununua madawati. Mzunguko uliopangwa ni wa miaka 24: mraba uliokatwa mwanzoni hauguswi tena hadi katikati ya miaka ya 2030. Mradi uliendeshwa na mashirika ya Tanzania ya uhifadhi wa misitu kwa fedha za serikali ya Uswisi, na ufadhili huo ulikwisha mwishoni mwa muongo uliopita, kabla hata nusu ya mzunguko wa kwanza haijapita.

Miraba ile bado ipo na visiki vyake vinachipua. Vinahitaji mtu wa kwenda kuvipima kila mwaka, unene na urefu, aina kwa aina, pamoja na kaboni iliyo udongoni, mpaka mzunguko utimie. Tuna TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoanzishwa mwaka 1980. Tuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tangu 1986. Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine, safari ya saa chache tu kutoka Kilosa, chenye vijana wanaoijua miti kwa majina yake ya Kikaguru na ya Kilatini. Gari, mafuta, posho na mizani ya maabara kwa kazi hiyo ni fedha ambayo haitaonekana hata kidogo kando ya gharama ya kilomita moja ya njia kuu ya umeme. Iandikwe katika bajeti ya Wizara ya Nishati, kwa jina lake, na iandikwe mara moja kwa miaka yote iliyobaki ya mzunguko, si kwa mwaka mmoja mmoja.